Kushona Kidogo Tu

Hakuna neno lililomkera Mama Pindo kama neno "kidogo". Watu walimjia na kushona kidogo tu: zipu kidogo, kiuno kidogo, mto uliofumuka kidogo. Walipiga hodi wakiwa wameshaingia, wakaweka furushi juu ya kapu lililokaa kando ya cherehani, wakasifu, wakaondoka. Na hivyo vidogo vyote vilikuwa vimepandana mpaka vikaziba nusu ya dirisha.

Wala hakuwa fundi wa duka. Alikuwa na cherehani ya nyumbani, ya kukanyaga kwa miguu, na mkono mwepesi ambao ukoo mzima uliugeuza mali ya umma. Hilo jina la Mama Pindo alipewa na majirani, kwa sababu pindo lake halikuwahi kwenda upande. Lakini tuseme kweli, si mafurushi yote yalikuwa ya watu. Mwenyewe akipita sokoni akaona kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye jora, lazima akinunue, akikate siku hiyohiyo kwa furaha, kisha akitupe kapuni na pini zake. Humo mlikuwa na sketi yake isiyo na kiuno na blauzi yake yenye mkono mmoja.

Chini kabisa ndimo kilimokuwa kitambaa cha binti yake, cha buluu iliyokolea, chenye mistari myembamba myeupe. Walikichagua pamoja siku binti alipopata kazi ya ualimu, na mama akaapa mbele ya muuza vitambaa: "Siku ya kwanza unaingia darasani, utavaa gauni la mkono wangu. Watoto wa watu watashindwa kusoma kwa kukuangalia wewe." Siku hiyo ya kwanza ingekuwa Jumatatu. Sasa ilikuwa Jumamosi, na gauni lilikuwa bado kitambaa.

Asubuhi hiyo aliamka amejiapiza hashiki kingine. Alitia mafuta cherehani, akabadilisha sindano, akaweka uzi wa buluu. Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, akaingia na mzigo wa mapazia uliomficha uso.

"Wifi yangu kipenzi! Wageni wangu wanafika kesho na madirisha yangu yote yapo uchi. Ni kupinda kidogo tu."

"Leo nashona gauni la mwanangu."

"Na hilo pia utamaliza! Mikono yenyewe si hii?" Wifi akamshika mkono, akaugeuzageuza kama anayetaka kuununua. "Wenzangu wananiambia nenda kwa fundi. Nikawaambia, mimi mwenye wifi kama huyu, fundi wa nini?"

Mama Pindo alifungua mdomo kusema hapana. Kilichotoka ni, "Haya, weka hapo."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na sitauficha. Mbele ya mtu alikuwa asali, mtu akigeuza kisogo anakuwa pilipili. Wifi hajafika hata njiani, yeye ameshaanza kufoka.

"Wamenifanya punda! Punda mwenyewe jioni hutuliwa mzigo! Mimi nani ananitua?"

Mumewe alikuwa mezani, amefungua redio mbovu, skrubu zimetapakaa. Hakuinua kichwa. "Si ungemkatalia?"

"Dada yako yule!"

"Dada ni wangu, mdomo ni wako." Akapuliza vumbi ndani ya redio. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe ukisifiwa unaongeza kapu."

Mama Pindo akamtupia jicho ambalo lingetosha kupasi shati. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mume alikuwa amesema kweli, tena bila hata kutumia nguvu.

Akayashona mapazia kwa hasira, akiyavuta chini ya sindano kama ana ugomvi nayo. Sindano ikavunjika, akatia nyingine, akamlaani wifi, wageni wake, na mtu wa kwanza aliyebuni madirisha. Mchana ulikuwa umeshapita na pazia moja limebaki alipoona kwamba akiendelea, gauni ndiyo basi tena. Akalisukuma kando. Akazamisha mikono kapuni mpaka mabegani, akavuta furushi la binti yake.

Likatoka jepesi. Ndani mlikuwa na bitana na zipu. Kitambaa hakimo.

Damu ikamchemka. Akapindua kapu zima sakafuni: suruali za shemeji, mashuka ya jirani, sare ya mtoto ambayo kwa hakika ilishambana zamani. Buluu haipo. Hakujipa hata nafasi ya kufikiri. Wiki chache nyuma wifi alikuja kufuata foronya zake na akazichomoa mwenyewe kapuni. Mama Pindo akashika simu.

"Kitambaa cha mwanangu kiko wapi?"

"Kitambaa gani tena, wifi?"

"Usinifanye mtoto! Unajichotea kapuni kwangu kama kisimani! Miaka yote umekula jasho langu nikanyamaza, sasa umehamia kwenye wizi!"

Akakata simu. Mumewe alikuwa amesimama, bisibisi mkononi. "Umemwita dada yangu mwizi?"

"Nimemwita, na akija nitamwita tena!"

Mlango wa chumba cha binti ukafunguka. Binti alitoka na gauni kwenye hanga, la buluu, lenye mistari myeupe, limeshapigwa pasi.

"Hajaiba mtu, mama. Nilikichukua mimi. Nimekishonesha kwa yule fundi wa nyuma ya posta."

Mama Pindo alimwangalia kama hajamsikia. "Na bila kuniambia?"

"Nilikukumbusha mpaka nikaona haya. Kila nikikuuliza, unaniambia subiri nimalize hiki. Nikaogopa Jumatatu itanikuta sina nguo. Na kukwambia pia nikaogopa."

Mama akalinyakua lile gauni, akaligeuza ndani nje. Alitafuta kosa kwa bidii yote. Akavuta mshono wa bega, haukuachia. Akafuata mistari pale vipande vinapokutana ubavuni, ilikuwa imekutana. Pindo limenyooka. Angalau angelikuta limeharibiwa, angepata wa kumfokea.

"Livae," akasema.

Binti akalivaa. Mama akalizunguka, akashika kitambaa chini ya kwapa kwa vidole viwili. "Hapa pamezidi. Vua nipunguze, ni kidogo tu."

"Sivui, mama." Binti hakupandisha sauti. "Nikivua, Jumatatu nitaenda na gauni la zamani."

Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila sasa hakuwa na wa kumpelekea. Alikaa sakafuni katikati ya nguo za watu, akalia kwa hasira, akijichukia kuliko alivyowahi kumchukia wifi yeyote.

Wifi mwenyewe akafika akihema, macho mekundu. "Mimi mwizi?"

"Si wewe. Nimekuzulia, wifi, unisamehe." Mama Pindo akainuka, akampa mapazia. "Moja halijapindwa."

Wifi akamtazama, akamtazama na binti, akavuta kamasi. "Nimesamehe. Basi nimalizie hilo moja, wifi yangu. Nani mwingine ana mkono kama wako?"

Ile "haya" ikapanda kooni kwa mazoea. Mama Pindo akaimeza.

"Hapana!"

Ilitoka kwa kishindo mno, mumewe akaangusha skrubu. Wifi aliondoka amenuna, na pazia lake halijapindwa.

Jumatatu asubuhi binti alitoka kwenda kazini. Mama yake alisimama mlangoni akamwangalia mpaka alipokata kona. Gauni lilikuwa limemkaa vizuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma.