Kazi Isiyouliza Unakaa Wapi

Otilia aliacha kazi ya ofisini Dar es Salaam mwaka 2019, akaondoka na kompyuta ndogo, modemu, na imani kwamba popote penye umeme ataishi. Kampuni moja ya utafiti ilikuwa ikimtumia mahojiano yaliyorekodiwa. Yeye anasikiliza, anaandika neno kwa neno, kisha anayarudisha kwa barua pepe. Kazi ya namna hiyo haiulizi unakaa wapi. Ndivyo alivyojiambia.

Alianzia Mbamba Bay, kwa ajili ya ziwa. Miezi miwili aliogelea kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Mvua zilipokuja, umeme ukawa unakatika siku mbili, tatu mfululizo, na kazi zikachelewa. Akahamia Kihagara. Huko mtandao ulishika kwenye mwinuko mmoja tu, juu ya mashamba ya mihogo, basi akawa anashinda huko, kompyuta mapajani, kanga kichwani kukinga jua. Siku moja mwenye nyumba wake akamuuliza kwa upole, "Dada, unamkimbia nani?"

Otilia akacheka tu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume, hana shamba, na kila baada ya miezi michache anafunga begi.

Mwishowe akarudi kwao Litembo, kwa mama yake, Kunigunda. Mtandao ulikuwepo, ila kwa mama, mtu aliyeketi nyumbani hana kazi.

"Ukimaliza kuchezea hicho, kachume kahawa."

"Niko kazini, mama."

"Kazini wapi? Si upo hapa?"

Otilia akaanza kufunga mlango wa chumba na kuvaa hedifoni kubwa.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Kunigunda aliteleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya kahawa. Mguu ukavunjika. Akaita jina la mwanawe, tena na tena, hatua thelathini tu kutoka dirishani. Ndani, mwanawe alikuwa akiandika maneno ya mama mwingine, wa Singida, aliyekuwa akieleza anavyohangaikia maji. Aliyesikia ni jirani yao, mzee Bernadi, kutoka ng'ambo ya korongo. Alipogonga mlango, Otilia alidhani ni mama yake anamsumbua. Hakufungua mpaka mzee alipogonga mara ya tatu.

"Nilidhani umeshaondoka tena," mama akamwambia hospitalini. Hakuwa na hasira. Otilia aliona afadhali angekuwa nayo.

Alimuuguza wiki sita. Kampuni ikampa mtu mwingine nusu ya kazi zake, naye hakubishana. Kisha akapanga chumba Mbinga mjini, nyuma ya duka la vitenge la Mwanahawa. Jumatatu hadi Alhamisi anaandika, mlango wazi, sauti za wateja zikimfikia. Ijumaa anafungia kompyuta kabatini, anapanda bodaboda kwenda Litembo, na huko anachuma, anapika, anafua. Kipato kimepungua, na ziwa hajaliona mwaka mzima.

"Sasa umetulia?" Mwanahawa alimuuliza juzi.

"Kazi imetulia, dada."

Kunigunda anatembea kwa fimbo. Otilia akifika, mama humpokea vizuri, humuuliza habari za Mbinga, humwekea ugali. Ila akikwama shambani, hata kama binti yake yuko jikoni, jina analoita ni la Bernadi.