Bonasi ya Jina la Sébastien

Mume wangu Zénon anapenda kula, hilo halifichiki. Kwa hiyo Desemba ile ya 2012, alipokuwa anasukuma sahani wiki nzima, nikajua iko neno. Nikambana.

“Bonasi,” akasema.

“Bonasi ndiyo inakukosesha hamu? Wenzako wanacheza!”

“Mama Irakoze, nyamaza kwanza.”

Kunyamaza mimi sijui, lakini nilijitahidi. Kwenye karakana yao ya makochi, kule mjini, bonasi haikuwa hisani ya patron, bosi wao, ilikuwa lazima. Wanachukua mshahara wako wa mwezi, wanaugawa kwa kumi na mbili, unapata fungu moja kwa kila mwezi uliofanya mwaka ule. Ukimaliza mwaka, unabeba mshahara mzima juu ya ule wa kawaida. Zamani bahasha ziligawiwa palepale kwenye cherehani. Mwaka ule Mr Pather, mwenye karakana, alitangaza kila mtu aingie ofisini kwake, karatasi yake ya kibali mkononi.

Na karatasi ya Zénon haikuwa ya Zénon. Mwezi wa tano kaka yake, Sébastien, alihamia Cape Town, akamwachia kila kitu: kazi, ovaroli, kopi ya kibali chake cha kazi, na jina. Kibali cha Zénon kilikuwa hakijatoka. Wanafanana, ndiyo, lakini shemeji yangu ana sikio lililokatika ncha, hata kwenye picha linaonekana. Patron alikuwa haonekani karakanani, na msimamizi alitaka makochi yaishe tu. Basi tangu Juni mume wangu akiitwa Sébastien anaitika, mshahara unakuja, tunamshukuru Mungu.

“Usiende kuichukua hiyo bonasi,” nikamwambia.

“Mtu anakataa bonasi, Deborah? Si ndipo wataniuliza vizuri?”

Eish! Hapo na mimi sahani ikanishinda. Kazi ile ndiyo kodi ya chumba chetu cha mtaa wa Berea, ndiyo shule ya mtoto. Mimi saluni nilikuwa nalipwa kwa kichwa, mvua ikinyesha sipati kitu.

Ijumaa ya kufunga karakana niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumsubiri ng'ambo ya barabara, pale kwenye robot, taa za kuongozea magari. Nilisali kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, hata kwa Kizulu changu kibovu. Mara akatoka. Anatembea mwenyewe, hakuna polisi! Nikapiga vigelegele, watu wakageuka.

“Ameangalia karatasi?”

“Hakuiomba hata. Amenipa bahasha, akasema Happy Christmas.”

Nikampokonya bahasha, nikahesabu palepale. Mshahara wake ulikuwa thirty-six hundred rand. Mle ndani iko twenty-one hundred.

“Mwizi huyu! Sébastien amefanya tangu Januari, wewe tangu Juni, jina ni moja, mwaka umetimia! Miezi mitano imekwenda wapi? Ngoja anione!”

Nilishaweka mguu barabarani. Zénon akanikamata mkono, akaukaza mpaka nikaumia.

“Hesabu tena,” akasema. “Ni miezi saba. Kuanzia Juni.”

Taxi ikanipigia honi, nikarudi nyuma. Hesabu ya patron ilikuwa sawa kabisa. Hakumlipa Sébastien, alimlipa mume wangu. Furaha yote ikanitoka.

“Kama anajua, mbona amekulipa?”

“Sijui.”

“Atakufukuza?”

“Nimesema sijui, Mama Irakoze!”

Krismasi tulikula kwa kujilazimisha. Simu ikilia tunatazamana, nani apokee. Hakuna aliyepiga kutoka karakanani.

Januari, siku ya kufungua, Zénon akavaa ovaroli, akafika mlangoni, akasimama.

“Wakiita leo,” akaniuliza, “niitike jina gani?”

Nikamfunga kifungo cha shingoni, nikamwambia awahi taxi.