Glasi ya Profesa Olavarría

Nimewahi kuona mtu akinywa maji yenye chumvi kuliko bahari. Glasi nzima, mbele ya watu mia mbili na mkuu wa mkoa. Akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Matamu."

Mtu huyo alikuwa mama yangu. Na maji yale niliyatia mimi kwenye jagi.

Msinitukane bado. Someni mpaka mwisho, halafu mtukane mkiwa na sababu.

Naitwa Nolfa Panire. Ni fundi wa maabara kwenye idara ya maji ya chuo kikuu kimoja huku kaskazini mwa Chile. Miaka kumi na moja nimefanya kazi chini ya Profesa Olavarría, mtu wa Santiago, mji mkuu, mrefu, msafi, mwenye sauti ya padri.

Kazi yetu ni kuyageuza maji mabaya yawe mazuri. Maji ya chumvi, maji yenye sumu ya aseniki kutoka kwenye miamba, na maji ya jikoni, bafuni na chooni yaliyokwisha kutumika. Huku kwetu mtu anaweza kuzeeka bila kununua mwavuli, kwa hiyo hata maji ya choo hayamwagwi ovyo.

Shida ni watu. Mwambie mtu, "Maji haya juzi yalikuwa chooni kwa jirani yako, leo nimeyasafisha, karibu unywe." Uone kama hutakimbizwa.

Ndiyo maana Profesa alikuwa na glasi yake.

Kila tukizindua mtambo, anasimama mbele ya wageni. Mimi namimina kutoka kwenye jagi la chuma. Anainua glasi juu, anasema, "Sitaki mniamini. Nitazameni." Anakunywa yote. Makofi, picha, wafadhili wanatokwa machozi.

Siri tuliijua wawili tu. Ndani ya jagi lile mlikuwa na maji ya chupa, ya dukani.

Na wala maji yetu hayakuwa mabaya! Nilikuwa nayapima kwa mikono yangu, yalikuwa safi kuliko hayo ya chupa. Mimi nilikuwa nayanywa kila siku na kupikia kahawa. Profesa ndiye alikuwa na kinyaa.

"Nolfa," aliniambia mwaka wa kwanza, "sayansi ni ya kichwa. Tumbo lina mambo yake."

Nikacheka. Mjinga mimi, nilidhani amenifanya msiri wake kwa sababu ananiheshimu.

Sasa sikilizeni. Mitambo yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja: uchafu na chumvi vinaganda kwenye vichujio, na ndani ya miezi mitatu vimekufa. Wenye shahada zao walihangaika miaka minne, wapi.

Siku moja nikamwambia Profesa kuhusu mama yangu. Kijijini kwetu Turipa, tangu niko mdogo, mama akichota maji ya mto yenye tope alikuwa anakata jani nene la mpungate, ule mmea wa miiba, analichanja, analitumbukiza ndooni. Ute wake unashika uchafu, uchafu unazama. Nikasema tujaribu ute ule kabla maji hayajafika kwenye vichujio.

"Dawa za mabibi hizo," akasema.

Nikajaribu peke yangu. Mwaka mzima, kila Jumamosi na Jumapili, mikono imejaa miiba. Nikapata kipimo chake. Vichujio vya miezi mitatu vikaishi mwaka na nusu.

Basi bwana, makala ikatoka kwenye jarida kubwa la Ulaya. "Njia ya Olavarría." Majina sita juu. Mkwe wake, mume wa binti yake, mtu ambaye hajawahi kushika hata ndoo, yumo. Mimi simo.

Nikaingia ofisini kwake. Mkwe naye alikuwepo, amekaa mkao wa kula.

"Profesa, jina langu silioni."

Hakuinua macho. "Upo mwishoni, kwenye shukrani. 'Tunamshukuru fundi wetu.'"

"Fundi hana jina?"

"Usiniletee mambo ya sokoni, Nolfa. Wewe ulileta jani, sisi tukaleta sayansi."

Nikageuka kuondoka. Akaongeza, "Na mwambie mama yako kachumbari yake imetufaa."

Mkwe akacheka mpaka akakohoa.

Siku ile kitu kiliniganda moyoni. Nikapanga.

Mtambo uliofuata ulikuwa unazinduliwa Turipa, kwetu. Mwezi wa nane, siku ya kusafisha mifereji, kijiji kizima kimerudi nyumbani. Kila mtambo una tangi la masalia. Yaani maji safi yakishatoka, chumvi yote na sumu yote inabaki kwenye maji ya tangi hilo. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na maji ya chemchemi.

Asubuhi nikajaza jagi la Profesa kutoka kwenye tangi la masalia.

Sikutaka kumuua. Nilitaka funda la kwanza limtoke puani mbele ya mkuu wa mkoa, watu wajue kwamba mzee huyu hajawahi kunywa maji yake mwenyewe. Kwamba kijiji changu kingeukataa mtambo na kurudi kunywa aseniki ya mto, hilo halikunijia kabisa. Hasira ilikuwa imenifunga macho.

Kwetu, siku ile haianzi na hotuba. Kwanza tunamlipa Mama Ardhi. Linachimbwa shimo dogo, yanawekwa majani ya koka, ambayo kwetu ni matakatifu, kinamiminwa kinywaji kidogo. Kinachobaki anakunywa mkubwa wa umri kuliko wote, na kinywaji hicho hakitemwi wala hakibakishwi. Ukikitema, umemtemea Mama Ardhi usoni.

Nilijua yote hayo. Lakini miaka yote tunalipa kwa mvinyo, na mtungi wa mvinyo ulikuwa pale pale pembeni ya shimo.

Mwenyekiti wetu, Hermógenes Colque, akapanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu! Leo ni siku ya maji. Leo hatulipi kwa mvinyo, tunalipa kwa maji ya mtambo! Nolfa, lete hilo jagi."

Nikalikumbatia lile jagi kifuani.

"Mzee Hermógenes, haya ni ya Profesa, nimeshamtengea..."

"Kwani Profesa ni mkubwa kuliko ardhi?"

Watu wakaangua kicheko. Profesa naye akatabasamu. "Mama atangulie," akasema. "Mimi ni mgeni tu."

Mkubwa wa umri pale Turipa alikuwa mama yangu, Saturnina. Miaka themanini na moja. Maji ya mto yalikuwa yamezimaliza figo zake, mara tatu kwa wiki anapelekwa mjini Calama kusafishwa damu. Daktari alikuwa amemkataza hata chumvi ya kwenye mkate.

Ningeweza kujikwaa nikamwaga. Ningeweza kupiga kelele. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikufanya hivyo, na jibu nalijua: mkwe wa Profesa alikuwa ananitazama, nikaona aibu. Nikajidanganya kwamba mama ataonja tu.

Nikamimina. Mkono wangu ndio uliomimina.

Mama akapiga goti, akaipa ardhi matone machache. Akanywa funda la kwanza, akasita. Akanitazama juu ya ukingo wa glasi, kwa macho yale yale aliyonitazama nayo nilipofeli darasa la tano. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anapima nitaumia kiasi gani.

Kisha akafumba macho akanywa yote.

"Matamu," akasema. "Binti yangu ndiye kayatengeneza. Kunyweni, mnaogopa nini? Waoga wakubwa nyie!"

Vicheko, vigelegele. Wakakimbilia mabomba ya mtambo na vikombe vyao, na ya bombani kweli yalikuwa matamu. Hakuna aliyemkumbuka Profesa siku ile.

Alasiri miguu ya mama ilikuwa imevimba. Njiani kwenda Calama alianza kuvuta pumzi kwa shida. Hospitali wakamweka kwenye mashine mara moja, wakaniuliza amekula nini. Nikasema sijui.

Ndiyo, nilisema sijui.

Siku ya pili akapata nafuu kidogo, nikamwinamia.

"Mama, kwa nini hukutema?"

"Nimtemee Mama Ardhi usoni, nimekuwa kichaa?" Akapumzika. "Nilijua mtambo wako umeharibika. Nikasema nikitema hapa, wakubwa zako watakufukuza kazi. Umeshautengeneza?"

"Nimeshautengeneza, mama."

"Basi vizuri."

Akafa kesho yake, kabla ya saa sita mchana. Wakaandika figo. Nani angeuliza zaidi? Alikuwa mzee na mgonjwa.

Baada ya maziko nikaenda kwa Profesa na barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeamua kusema kila kitu, kwake kwanza, kisha polisi. Nilipomaliza kusema akainuka, akafunga mlango.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Kwenye tangi la masalia, saa moja asubuhi, na jagi langu mkononi. Nikamfuata Colque, nikampa wazo la kulipa kwa maji."

"Ulijua ni mama yangu atakayekunywa?"

"Nilijua anaanza mkubwa wa umri, na nilijua ni mama yako. Nilidhani atatema. Nilitaka uaibike mbele ya watu wako, kama ulivyotaka mimi niaibike. Figo zake sikuzijua, naapa." Akarudi kwenye kiti chake. "Kila mtu hutema, Nolfa."

Wauaji wawili, meza moja katikati.

Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. Ilikuwa barua ya kwenda kwenye lile jarida, ya kusahihisha makala. Jina langu lilikuwa la pili, baada ya lake tu. Mkwe ameshushwa wa mwisho.

"Ukisema, tunaangamia wote," akasema. "Usiposema, una jina. Na Turipa wana maji."

Mngependa niwaambie niliichana. Nilichukua kalamu nikasaini.

Leo Turipa wanakunywa maji safi. Ukutani pameandikwa "Mtambo wa Mama Saturnina." Wanawake wananishika mkono barabarani, "Mama yako ndiye aliyetutoa woga, Mungu amlaze pema." Nawajibu asante. Mwezi uliopita nilialikwa mjini Lima kusoma ile makala mbele ya maprofesa, nikapigiwa makofi. Nimebadilisha majina hapa, na mkinitafuta hamtanipata.

Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Uongo mtupu. Mimi nilichimba, Profesa akanisaidia kuchimba, na sote wawili tuko nje tunapanda vyeo.

Kwa hiyo wewe unayemtengenezea mwenzako kikombe kichungu, usijisumbue kuwaza adui atafanya nini. Adui ataonja, atatema, ataenda zake. Atakayekimeza mpaka mwisho ni yule anayekupenda.