Magadi ya Bwawani

Mzee Melkizedeki hakuwahi kuchovya tonge kwenye mlenda wa mtu kabla ya kuuliza: "Magadi haya yametoka wapi?" Aliuliza arusini, aliuliza matangani, aliuliza hata nyumbani kwa mchungaji. Akiambiwa "Kitangiri, ziwani," alinawa akala. Akiambiwa "sijui," alikula ugali mkavu na kushukuru. Watoto walimwita Mzee Magadi, naye aliitika.

Binti yake Dina aliijua asili ya swali hilo. Kabla ya Uhuru baba yake alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu juu mlimani, Iramba, kule ambako upepo wa asubuhi huuma masikio. Ndiye aliyeshika ncha ya mnyororo siku injinia alipopima mahali pa kumwaga tope la kinu cha kusagia mawe, lililooshwa kwa dawa iliyokuja katika mapipa yenye picha ya fuvu. Kwenye ramani ya ofisini bwawa lile la tope lilipakwa kijani: mgodi ukifungwa, lifukiwe kwa udongo mwekundu kimo cha mtu, lizungushiwe minyaa. Lakini mgodi ulifungwa ghafla. Wenyewe wakapakia mashine, wakaondoka na ramani yao. Tope likabaki wazi, na kila kiangazi jua lilipolikausha, juu yake ulitoka unga mweupe mfano wa magadi. Mzee alipanda minyaa peke yake, masika baada ya masika. Minyaa, ambayo huota hata juu ya mwamba, pale haikushika.

Operesheni Vijiji ilipofika, mwaka 1974, Dina alikuwa bibi shamba aliyetoka chuoni karibuni, na yeye ndiye aliyepewa karatasi achore kijiji kipya. Wakubwa waliutaka uwanda ulio chini ya bwawa, kwa kuwa barabara ilikuwa karibu. Mkutanoni baba yake akasimama.

"Pale hapakai watu. Ule si udongo, ni matapishi ya mgodi."

"Shikamoo, mzee wangu," alisema mwenyekiti Alute. "Kumbe wazungu walikulipa woga badala ya kiinua mgongo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Marahaba. Basi chukua nusu, mwanangu. Si mnasema tugawane?"

Wakacheka zaidi, safari hii wakimtazama Alute. Alute akamgeukia Dina. "Bibi shamba, wewe umesoma. Pana ubaya pale?"

Dina alitazama karatasi yake. Alikuwa na siku arobaini tu kazini. "Chuoni hatukufundishwa habari za migodi," alisema.

Mzee akaketi. Kwenye ramani, mahali pa bwawa, Dina aliacha peupe, bila neno.

Malori yakashusha watu. Kutoka hapo, Kitangiri ilikuwa mwendo wa siku nzima. Kiangazi cha kwanza ndama wa Kefa, mmoja wa waliohamishwa, walionekana wakilamba kingo za bwawa. Kabla ya wiki kwisha, watatu walikuwa wamelala miguu juu. Ni ugonjwa wa chambavu tu, watu walisema. Mzee akaweka kidole juu ya ule weupe, kwenye nakala ya ramani iliyobaki kwa Dina. "Andika hapa." Dina akaandika SUMU, akampelekea Alute.

"Ramani ya kwanza imeshafika wilayani," Alute alisema. "Nikipeleka ya pili, wataniuliza ya kwanza ilichorwa na nani. Niwajibu nini?"

Dina alirudi na karatasi yake.

Tangu hapo mzee alipita nyumba kwa nyumba na swali lake. Hakuna aliyemcheka tena. Wanawake walikuwa wamelijua jibu analolitaka, wakalitoa hata kabla hajamaliza: "Kitangiri, mzee, Kitangiri." Naye aliwaangalia miguu, akaona vumbi jeupe la bwawani.

Kiangazi cha pili kifua kilimlaza mzee. Kwa siku kumi Dina hakutoka nje ya ua. Magadi yalipomwishia, jirani yake Rahabu alimpa kipande juu ya uzio, naye akakitia chunguni bila kuwaza. Mchana ule alimwekea baba yake ugali wa mtama na mlenda.

"Magadi haya yametoka wapi?"

"Kitangiri, baba." Jibu lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu.

Mzee alilisogeza bakuli pembeni, taratibu, asimwage. Akalaza kichwa. Kabla ya kufumba macho, ambayo hakuyafumbua tena, alimuuliza:

"Uliyafuata lini, mwanangu?"