Kiwiko kimeota mfupa, na mama mkwe alikuwepo

Jamani, leo nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnakumbuka nilianguka na bodaboda pale Mtawanya, nikaumia kiwiko. Mama mkwe akatoka Mpapura kuja kwangu Rahaleo kuniuguza. Miezi miwili ananikanda asubuhi na jioni, maji ya moto na mafuta ya ufuta, kwa mikono iliyopalilia mikorosho miaka yote.

Nikipiga kelele, anaongeza nguvu.

Mkono ukagoma kukunjika. Hata tonge halifiki mdomoni.

Leo hospitali, daktari ananyanyua picha. Mfupa mpya, katikati ya nyama!

Anasema msuli ulioumia ukisumbuliwa kila siku, jeni za kolajeni, ile protini inayounga kovu na mfupa, zinazidisha kazi, na panapotakiwa kovu panajengwa mfupa.

"Nani alikuwa anakukanda?"

Mama mkwe yuko pembeni yangu, kakumbatia mkoba. Chupa ya mafuta imo humo humo.

Nyie mngejibu nini?

Mimi nikasema, "Najikanda mwenyewe, daktari."

Nikafokewa mbele ya manesi. Nikajiona nimeokoa ndoa.

Tumefika nyumbani, mama mkwe hata kukaa hajakaa. Anapepea mkaa.

"Kumbe nikienda sokoni unajikanda ovyo, mwanangu? Ndiyo maana kazi yangu haionekani! Njoo ukandwe na anayejua."

Naandika kwa mkono wa kushoto, nyie. Maji yameshaanza kuchemka.