Nilifuta Maneno ya Binti Yangu, Sasa Anakubali Wizi Ambao Ni Wangu

Admin, ficha jina langu na usitaje chuo, maana binti yangu husoma hii page. Nina miaka 49, nina mke na watoto watatu. Kwetu ni kisiwa cha Mfangano lakini naishi Migori town, nina cyber ndogo. Masomo yangu yaliishia form four. Kazi yangu ya miaka mingi ni kuchapa na kubind project za wanafunzi wa chuo, mpaka wateja huniita Prof. "Prof, weka chumvi kidogo hapo chapter two, supervisor wangu ni mkali." Na mimi naweka. Kompyuta yangu imejaa project za watu. Nikitaka sentensi nzito, najua pa kuitoa.

Binti yangu ndiye wa kwanza kwetu kuingia university, yuko fourth year. Project yake ilikuwa ya kina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kule kisiwani. Alikaa na dani yake, yaani mama yangu, wiki tatu akiandika kila kitu. Mama alinipigia simu akicheka: "Huyu mtoto wako ameniuliza maswali mpaka nimemwambia aolewe na omena!" Kwa sababu hana laptop, alikuja akaichapa hapa kwa cyber. Akamaliza, akarudi Mfangano kwa sababu mama alikuwa ameshikwa na malaria.

Akanipigia kutoka huko. "Baba, network huku ni shida. Nibindie copy tatu, na utumie department soft copy kabla ya Ijumaa. Lakini soma kwanza, nataka uone nimesema nini."

Nikaprint, nikasoma. Mpaka chapter three ilikuwa kama zile nazijua. Chapter four na five nikatokwa na jasho. Msichana alikuwa anabishana na maprofesa! Aliandika kwa Kizungu, lakini maana yake ni hii: wasomi wanasema mwanamke wa omena hupata hasara mvua ikinyesha kwa sababu hajasoma. Mimi sikubaliani, hawa wasomi hawajawahi kukaa naye mvua ikinyesha. Akaeleza vile dani yake na wenzake huitana wakiona wingu, wanakunja neti ya kuanikia ya kila mtu, hata ya yule wamekosana naye. Akasema hiyo pia ni elimu.

Mnisamehe, niliona aibu. Nikajiuliza, huyu ni nani wa kusema "mimi"? Nikakumbuka form three, mwalimu akisoma insha yangu mbele ya darasa. Alifika mahali nimetoa maoni yangu akanitazama: "Na wewe nani amekuuliza?" Darasa lote likacheka. Tangu siku hiyo naandika kwa maneno ya wengine, na sijawahi kuchekwa tena. Nilidhani namkinga binti yangu asichekwe.

Basi nikafuta hizo chapter mbili. Nikatafuta project ya zamani ya mtu mwingine kuhusu samaki, nikatoa kurasa kumi na moja zenye lugha ya juu, nikaziweka mahali pa zake, nikabadilisha majina ya beach. Ilipendeza kweli. Nikabind kwa rangi ya maroon, nikatuma. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Wiki mbili zilizopita alikuja macho yamefura kwa kulia. Chuo kilipitisha project kwa ile mashine ya kukagua wizi wa maandishi, chapter mbili za mwisho zikapatikana ni za mtu. Kabla nitume, supervisor wake alikuwa amesoma mpaka chapter three tu. Alimwambia, "Nilikuwa nimeanza kukusikia. Mbona ukakimbia mwishoni?" Hayo maneno hayanipi usingizi, kwa sababu aliyekimbia ni mimi.

Akaniuliza, "Baba, si files zilichanganyikana kwa hii kompyuta?"

Nikasema, "Inawezekana. Ina virusi."

Virusi! Nilisema hivyo nikimwangalia usoni.

Tangu hapo situlii. Nafungua cyber, natoka nje, narudi, nashika karatasi, naiweka. Juzi mteja amenirudishia kazi: "Prof, kwani siku hizi unabind kurasa kichwa chini?" Mke wangu anauliza kama ni presha. Na ile copy niliyoprint kwanza, yenye maneno yake yote, iko kwa drawer ya meza hii. Sijaweza kuichoma na sijaweza kuitoa.

Jumatatu anaitwa mbele ya kamati ya chuo. Wenzake wamemwambia akitaja virusi kamati itamcheka. Akibisha anafukuzwa, akikubali kwamba aliiba pengine atarudia mwaka tu. Kwa hivyo leo asubuhi amekuja hapa, akakaa karibu na hiyo drawer, akasema: "Baba, niandikie barua ya kukubali kosa. Wewe unajua vile watu wakubwa huongea. Maneno yangu hayana maana."

Nimechapa anwani na tarehe. Nimechapa "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba". Hapo vidole vikagoma. Ameenda kutununulia chai, ndiyo naandika hii kwa simu haraka haraka.

Nikitoa hiyo karatasi, atajua aliyefuta maneno yake ni babake, na sijui kama atawahi kuniambia tena, "Baba, soma uone nimesema nini." Nisipoitoa, ataweka sahihi kwa wizi wangu. Na hata nikienda kwa kamati mwenyewe, si watasema ni mzazi anafunika mtoto?

Wazazi wenzangu, na nyinyi mliosoma, nitukaneni mkitaka lakini mnisaidie. Barua nimeifuta. Drawer nimeifungua. Lakini neno la kwanza la kumwambia sina, miaka yote nimekuwa nikiazima ya watu. Nianze vipi? Namwona anavuka barabara na vikombe viwili.