Wifi Yangu na Somo la Tatu

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, mtu akitajwa kuwa ni wa nyumba ile, msikilizaji huuliza tu, "Anafundisha wapi?" Baba mkwe alikuwa mwalimu. Mama mkwe alikuwa mwalimu. Mume wangu alianzia darasani akapanda hadi kuwa mkaguzi wa shule, na mimi waliniposa nikiwa nafundisha Kiswahili sekondari. Aliyebaki alikuwa wifi yangu, mtoto wa mwisho, aliyezaliwa wazazi wakiwa wameshaanza kuzoea nyumba isiyo na mtoto mdogo. Tulimwita Kitinda. Wazazi walipofariki alikuwa bado anasoma shule ya msingi, na mume wangu akamleta kwetu. Akakulia mezani kwetu. Alimwita mume wangu kaka, lakini kwa mengine yote alikuwa baba yake.

Nayaandika haya kwa sababu yamesemwa sana na watu ambao hawakuwapo. Wanasema Kitinda alifeli chuo. Hakufeli. Wanasema Falsafa ilimvuruga akili. Akili zake zimetulia kuliko za hao wanaosema. Na lipo jambo la tatu linalosemwa, nalo nitalifikia.

Alichaguliwa kwenda chuo kikuu cha serikali, kile kikubwa, si mbali na kwetu. Kitivo cha sanaa kilikuwa kimefurika. Wanafunzi walikaa kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara, na waliochelewa walisimama nje madirishani, madaftari yameegemea ukuta. Utaratibu wa kitivo ulikuwa huu: mwaka wa kwanza unachukua masomo matatu, mwaka wa pili unaacha moja, na mawili yanayobaki ndiyo shahada yako. Mwenye nia ya kuwa mwalimu alitakiwa ahakikishe kwamba yote mawili ni masomo ya kufundishia, yaani yanayofundishwa shule za sekondari, vinginevyo hapokelewi kwenye stashahada ya ualimu. Hakuna aliyehitaji kutueleza hilo. Tulilijua kama tunavyojua njia ya kwenda jikoni.

Wiki ya kujiandikisha, kila idara iliweka meza yake ndani ya bwalo la chakula. Kitinda alipata Historia na Kiswahili bila tabu. La tatu, kaka yake alimwambia achukue Jiografia. Lakini foleni ya Jiografia ilikuwa imetoka nje ya bwalo, imezunguka matangi ya maji, na jua lilikuwa la utosi. Meza ya Falsafa haikuwa na mtu. Mzee mmoja aliyevaa koti zito alikuwa amekaa nyuma yake akimenya chungwa.

"Nikamwonea huruma," alituambia tulipokuwa tunakula.

"Umechukua somo kwa kumwonea huruma mwalimu?" kaka yake akamwuliza.

"Na miguu yangu pia, kaka. Nayo niliionea huruma."

Mume wangu akacheka. "Falsafa. Inafundishwa shule gani hiyo?"

"Haifundishwi popote. Ni la kujazia tu. Mwakani naliacha."

"Hapo sawa. Jazia."

Darasa la Falsafa walipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Yule mhadhiri, ambaye wanafunzi walimwita Mzee wa Koti, hakuwa mtu wa kusomesha kwa imla. Aliuliza swali moja, kisha akanyamaza mpaka mtu ashindwe kuvumilia ule ukimya. Kitinda akawa anarudi na maswali hayo nyumbani.

"Kaka, ukimwahidi mtu kitu, halafu akafa, ile ahadi bado ipo?"

"Kula. Chakula kinapoa."

"Na kikipoa bado ni chakula kile kile?"

"Wifi yako akikunyima kesho, ndiyo utajua."

Mume wangu alijifanya kuchoshwa. Lakini asubuhi, akinyoa ndevu, nilimsikia akijibizana na kioo juu ya ile ahadi. Alikuwa amemlea binti aliyejibu kila alichoulizwa. Sasa nyumbani mlikuwa na binti anayeuliza, na sidhani kama alichukia.

Mwaka ukaisha, ukafika wakati wa kuacha somo. Jumatano moja mchana walikuja wenzake nyumbani, kijana mmoja mrefu na wasichana wawili. Niliwakaribisha sebuleni. Kijana ndiye aliyeanza.

"Mama, tumekuja kumwomba dada yetu asituache kwenye mataa."

Nikamwambia anieleze vizuri. Kumbe karibu wote waliochukua Falsafa waliichukua kama Kitinda, kujazia, na sasa walikuwa wameiacha. Kitivo kilikuwa na idadi ya chini kwa kila darasa la mwaka wa pili. Isipofika, darasa halifunguliwi, na kwa kuwa somo lililoachwa halirudishwi, waliolichagua hutawanywa kwenye idara zenye nafasi, wakaanze chini na wageni wa mwaka wa kwanza. Wao walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja.

"Mimi mwaka wa ziada sipewi," msichana mmoja akasema. Alikuwa ameolewa, na mtoto wake alikuwa amelala begani. "Mume wangu ameshasema, shahada ikipita muda wake nirudi nyumbani."

Kitinda alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, anakunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

Mume wangu akaingia na mkoba wake. Aliwasikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza, "Na nyinyi, mkimaliza hiyo Falsafa, mtafanya kazi gani?"

"Mzee, hilo nalo ni swali la kifalsafa," kijana akajibu.

Msichana wa pili alitaka kucheka, akaona uso wa mume wangu, akaacha.

"Basi nendeni mkalijibu makwenu."

Walipoondoka, alimgeukia dada yake. Hakupaza sauti, hakuwa na kawaida hiyo. "Hao mmekutana ukumbini tu. Sisi ndio utakaozeeka nasi. Mkuu wa shule ya wasichana ameshaniambia atakushikia nafasi ya Kiswahili. Falsafa unaiacha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

Ijumaa alikwenda kitivoni akarudi. Kaka yake akamwuliza mbele yangu, "Umeiacha Falsafa?"

"Ndiyo, kaka. Nimebaki na Historia na Kiswahili."

Ulikuwa uongo. Sitaupaka rangi. Katika nyumba ile watoto walichapwa kwa kuvunja glasi na kusamehewa. Kwa uongo hawakusamehewa upesi. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado akasema.

Akausema tena na tena kwa muda wote uliobaki wa masomo yake. "Kiswahili kinakwendaje?" "Kinakwenda, kaka." Vitabu vyangu vya fasihi vilibaki kabatini bila kuguswa, nikadhani maktaba ya chuo inamtosha. Maswali mezani yaliisha. Alikula, akashukuru, akaondoa vyombo. Nyumba ikatulia, na mume wangu akaufurahia utulivu ule akidhani ni ukomavu. Kwenye mikutano ya walimu alikwishaanza kusema, "Mdogo wangu anakuja, mwenye Kiswahili. Mtamjua tu."

Siku ya mahafali haikutoboa siri. Kwenye chuo kikubwa namna ile hawakusomei masomo yako. Hutangazwa kitivo kizima, watu mamia wakasimama kwa pamoja, wakavaa kofia, wakakaa. Tulipiga picha. Mume wangu alimnunulia saa ya mkononi, kwa sababu, alisema, mwalimu asiye na saa ni mgeni darasani.

Kisha ikaja siku ya kuandikishwa stashahada ya ualimu. Kitinda alisema atakwenda peke yake. Mume wangu alikataa, akavaa suti. Mimi nilikuwa likizo, nikafuatana nao. Kwenye korido kulikuwa na foleni ndefu, na wengi walikuwa walimu waliokuja kujiendeleza, watu aliopata kuwakagua. Wakawa wanainuka kumwamkia. "Shikamoo, mkaguzi." "Marahaba. Huyu ni mdogo wangu." Alisema hivyo kwa kila aliyempa mkono, mpaka tukafika dirishani.

Karani alimfahamu. "Karibu sana, mkaguzi. Kumbe ndiye huyu? Haya, bibie, masomo ya kufundishia?"

"Kiswahili na Historia," mume wangu akajibu kwa niaba yake.

"Historia na Falsafa," Kitinda akasema.

Karani alicheka. "Falsafa si somo la kufundishia, mdogo wangu. Mkaguzi, huyu anakutania."

"Sitanii. Kiswahili nilikiacha mwaka wa kwanza ulipoisha."

Korido ile ilikuwa na mwangwi. Nyuma yetu watu walikuwa wakizungumza, na niliwasikia wakinyamaza mmoja mmoja. Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Samahani kwa kukupotezea muda," akamwambia karani.

Ndani ya gari aliuliza mara moja tu. "Kwa nini?"

"Walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, kaka."

"Na mimi nilikuwa na wangapi?"

Hakusubiri jibu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia dada yake.

Baada ya hapo walikula meza moja, na chumvi ikiwa mbele ya Kitinda, kaka yake aliniomba mimi. Kitinda alinifuata jikoni. "Wifi, mwambie nitarudi chuo. Nitasoma Kiswahili tangu mwanzo, hata kama ni kukaa na watoto." Nikampelekea. Mume wangu akasema, "Mwambie nimesikia." Ikawa basi. Nafasi ya shule ya wasichana ilipewa mwingine.

Muhula mpya ulikuwa haujafunguliwa mume wangu alipopatwa na kiharusi, bafuni, sabuni bado ikiwa usoni. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka nao. Mimi nilikuwa kazini mchana, na mshahara wangu ndio uliobaki. Kwa hiyo aliyemwosha, aliyemgeuza asitoke vidonda, aliyembadilisha shuka na kumlisha kwa kijiko, alikuwa Kitinda. Mwanzoni kaka yake aliusukuma mkono wake kwa ule wa kushoto, akangoja nirudi nimlishe mimi. Baadaye akaacha kuusukuma. Kuna ndugu wema walioniambia kwamba huo ulikuwa msamaha. Sikukubali wala sitakubali. Alikuwa na njaa.

Jioni moja niliwakuta, naye amepiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, kama bado umenikasirikia, funga macho."

Hakuyafunga. Lakini alikuwa akitazama dari, na daktari alikwisha kutuambia kwamba hatuwezi kujua anasikia kiasi gani.

"Wifi, amenisikia?"

"Sijui," nikamwambia. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mambo yetu yalikuwa yamefika pale kwa sababu mtu alisema ndiyo ili kumridhisha mwingine.

Wiki yake ya mwisho tulimpeleka hospitali, na akafia huko.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la tatu, kwamba Kitinda alimuua kaka yake. Mume wangu alikuwa na shinikizo la damu tangu kabla Kitinda hajajua kuandika, na vidonge vyake nilivikuta vimejaa mfukoni mwa koti, hajavigusa. Neno likatembea hata hivyo. Kabla ya mazishi, baba mdogo wa mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, aliniita chumbani pamoja na wazee wengine wa ukoo.

"Mkamwana," akaanza, "watu wanauliza."

"Wanauliza nini, baba?"

"Kama yule binti bado ni wa kwetu. Tumeonelea asisimame mstari wa wafiwa. Na jina lake lisisomwe."

"Kwa kosa gani?"

"Unalijua. Alimwaibisha kaka yake hadharani."

"Alimdanganya faraghani, baba. Hadharani alisema kweli. Sisi tunaoishi kwa kufundisha watoto wa watu tuamue ni lipi kati ya hayo mawili tunaloliadhibu."

Mzee mmoja akakohoa. Baba mdogo akasema, "Maneno ya vitabu hayo."

"Basi sikieni ya nyumbani. Tukimtoa kwenye mstari leo, watu wa mji huu watapata hadithi ya kula miaka yote. Akisimama katikati yetu, watachoka mapema. Aliyemwosha marehemu hawezi kusimama na majirani. Atasimama nami."

Alisimama nami. Walioleta pole walimpa mkono, wengine wakiangalia kando. Msichana yule aliyeolewa hakuja. Kijana mrefu hakuja. Wote walikuwa wamemaliza shahada zao kwa wakati, na kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Mzee wa Koti alikuwa amestaafu, na ile idara haikupata watu wa kutosha tena, ikafungwa.

Maombolezo yalipokwisha nilimwambia Kitinda kwamba chuo bado kinaandikisha. Ada ningeitafuta. Akachukue Kiswahili, amalize, asimame darasani kama wengine wote wa nyumba hii. Alikuwa akikunja shuka za mgonjwa, zile ambazo hatukuwa na haja nazo tena.

"Nirudi nimwonyeshe nani, wifi?"

Nilitaka kumwambia, watu. Nilitaka kumwambia, mimi. Nikaona yote mawili hayatoshi, nikamshikia ncha ya pili ya shuka tukakunja pamoja.

Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hospitali ile ile aliyofia kaka yake. Wakampa. Yuko hapo mpaka leo, nyuma ya kioo, anawauliza wagonjwa majina na wapi panauma, na hakuna anayemwuliza alisoma nini.